Kuacha Soko Wazi Si Kumsaidia Mchuuzi

Katika uongozi wa umma hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kutomdhuru mtu, na kumsaidia mtu. Wakati wa gonjwa la korona nchi yetu ilifanya la kwanza kwa kiasi kikubwa. Ilikataa kuyafunga masoko. Kisha wengi wetu tukazungumza kana kwamba tulikuwa tumefanya na la pili. Makusudi ya makala hii ni kulikosoa kosa hilo. Tunaichukua Kariakoo kuwa shamba letu la uchambuzi, kwa sababu hapo ndipo biashara ndogo ya nchi nzima inapokutana, na hapo ndipo sera hupimwa kwa jasho la watu.

Wako watakaouliza: kuna haja gani ya kuyarudia mambo ya mwaka 2020 na 2021? Jibu letu ni kwamba gonjwa lingine litakuja. Chama au Serikali isiyojikosoa baada ya mapambano huingia katika mapambano yanayofuata ikiwa na makosa yale yale.

I. HALI HALISI

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020, mjini Arusha. Siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa, na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwezi Aprili, zikaruhusiwa tena mwezi Mei. Lakini masoko hayakufungwa. Rais Magufuli alikataa kuifunga Dar es Salaam, akieleza kwamba jiji hilo ni tegemeo la mapato ya nchi. Ndoo za maji na sabuni zikawekwa milangoni pa maduka ya Msimbazi na Kongo, daladala zikaamriwa kubeba abiria wa kukaa tu, na biashara ikaendelea.

Tuwe wakweli: kwa mchuuzi uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa. Anayekula jioni kile alichokiuza asubuhi hawezi kufungiwa ndani wiki tatu bila kuuawa na njaa. Tutazame kwa jirani. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma, na mwezi Machi 2020 wauza vyakula wa masokoni wakatakiwa walale humo humo masokoni wasirudi makwao. Kenya iliweka amri ya kutotembea usiku kuanzia tarehe 27 Machi, 2020, na mama aliyezoea kuuza chakula cha jioni akapoteza saa zake bora. Basi wanaosema kwamba Tanzania ilikosea kwa kuacha masoko wazi hawana budi kueleza mchuuzi angekula nini.

Lakini ukweli huo una upande wa pili. Kenya hiyo hiyo, mwezi Aprili 2020, ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Tunaweza kubishana kama nafuu hiyo ilimfikia mama wa Gikomba au iliishia kwa wenye vitabu vya hesabu. Hata hivyo swali la msaada liliulizwa. Kwetu, kwa kuwa soko lilikuwa wazi, swali lenyewe lilionekana halina haja. Hapo ndipo kosa letu la kwanza la kinadharia lilipozaliwa: tuliutazama mlango wa soko, hatukuyatazama yanayopita mlangoni.

Na mlangoni palikuwa na ukame. Tarehe 28 Machi, 2020, China ilizuia wageni kuingia nchini mwake, na zuio hilo lilidumu, kwa namna mbalimbali, hadi Januari 2023. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyezoea kwenda mwenyewe Guangzhou au Yiwu, akashika kitambaa kwa mkono wake na kupatana bei, sasa alimtegemea wakala na picha za simu. Mwaka 2021 gharama za kusafirisha makontena zikapanda duniani kote. Wanunuzi wa jumla kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Visiwa vya Komoro walipungua. Mwezi Mei 2020 Zambia iliufunga kwa siku kadhaa mpaka wa Nakonde, unaotazamana na Tunduma yetu. Kwa hesabu rasmi, uchumi uliokuwa umekua kwa asilimia 7.0 mwaka 2019 ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020. Soko lilikuwa wazi, ndiyo. Lakini mzigo ulikuja kwa taabu na mnunuzi alikuja kwa taabu.

II. NANI ALIBEBA MZIGO?

Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa hapo. Tunakumbusha jambo hili kwa sababu bado ni kweli: Kariakoo ni mahali ambapo mzigo hushushwa kutoka begani kwa mmoja hadi begani kwa mwingine, na wa mwisho ndiye mnyonge kuliko wote.

Tuichambue ngazi hiyo. Juu yuko mwagizaji wa kontena. Chini yake yuko mwenye fremu, ambaye hulipa pango kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima, na mara nyingi kilemba juu yake. Chini yake yuko mchuuzi wa barazani na njiani, yule tunayemwita machinga. Chini yake wako msukuma mkokoteni, mpagazi na mama lishe, ambao hawauzi bidhaa ya dukani lakini wanaishi kwa mzunguko wa wanaoiuza.

Kiungo kati ya mwenye fremu na mchuuzi kinaitwa mali kauli. Mchuuzi huchukua bidhaa asubuhi bila fedha na bila karatasi, kwa neno lake tu. Tuchukue mfano. Duka linampa shati kwa Shs. 8,000/=. Akiliuza kwa Shs. 10,000/=, jioni hurudisha 8,000/=, na 2,000/= zinazobaki ni cha juu chake. Asipoliuza hulirudisha shati. Benki haimo, dhamana haimo, fomu haimo. Dhamana ni kwamba mwenye duka anamwona mchuuzi pale mbele ya mlango wake, anamjua, na kesho anamtegemea tena.

Mali kauli ina sura mbili, na kada asiyeziona zote mbili atapotoka. Sura ya kwanza ni unyonyaji. Bei ya duka haitikisiki. Mnunuzi akiwa mchache na shati likishuka hadi Shs. 8,500/=, hasara ya 1,500/= ni ya mchuuzi peke yake. Wako pia wenye maduka ambao huwatumia wachuuzi ili bidhaa itoke bila risiti, na kodi ya umma ikapotea. Sura ya pili ni ushirikiano. Katika miezi mibaya ya 2020, mchuuzi asiye na akiba aliweza kuamka asubuhi akapata bidhaa kwa sababu tu neno lake lilikuwa bado na thamani. Kwa kusema kweli, huo ndio uliokuwa mfuko wa dharura wa Kariakoo. Haukuanzishwa na ofisi yoyote.

III. MSAADA ULIPITA WAPI?

Mwezi Mei 2020 Benki Kuu ilitangaza hatua zake. Kiwango cha amana ambacho mabenki hulazimika kukiweka Benki Kuu kilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 6. Riba ambayo mabenki hukopea Benki Kuu ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 5. Mabenki yaliruhusiwa kupanga upya mikopo ya wateja waliokwama. Kikomo cha miamala ya simu kwa siku kikapandishwa kutoka Shs. milioni 3 hadi milioni 5.

Hatua hizi hatuzibezi. Zilikuwa za haraka na za kitaalamu. Lakini tuulize swali la kitabaka: nani alizipata? Kupanga upya mkopo kunamfaa mwenye mkopo. Riba nafuu inamfaa anayekopesheka. Nafuu iliingia juu ya ngazi na ilitegemewa itiririke hadi chini. Mwenye kontena akaongezewa muda na benki yake. Hapakuwa na amri, mwongozo wala hata rai iliyomtaka naye amwongezee muda mwenye fremu, wala mwenye nyumba apokee pango la mwezi mmoja mmoja badala ya mkupuo. Maji ya nafuu yalikauka ngazi ya kwanza. Hatua moja tu kati ya hizo ilimgusa mchuuzi moja kwa moja, nayo ni ile ya simu, na tutaona iliishia wapi.

Nchi yetu haikosi historia katika jambo hili. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi Shs. 100,000/=, kwa hoja kwamba pango linaweza kuwa chombo cha unyonyaji. Hatudai leo irudiwe sheria ile, wala hatusemi ilitekelezwa bila kasoro. Tunasema tu kwamba kizazi kile kilijua kuwa pango ni suala la siasa. Mwaka 2020 pango la Kariakoo tuliliona kuwa ni jambo la mtu na mwenye nyumba wake.

Ulikuwapo pia mfuko wa asilimia kumi. Kwa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Huu ni mfuko wa kujivunia. Lakini ulijengwa kwa ajili ya siku za kawaida. Ulitaka kikundi kilichosajiliwa, andiko la mradi na vikao vya kamati. Kwa kanuni za wakati ule kijana ni wa miaka 18 hadi 35. Mwanamume wa miaka 42 anayeuza mikanda Mtaa wa Swahili, mwenye watoto wanne, hakuwa mwanamke, hakuwa kijana, hakuwa mlemavu. Kwa mfuko huo hakuwapo duniani. Kitambulisho cha mjasiriamali alicholipia Shs. 20,000/=, kati ya vile vilivyoanza kutolewa Desemba 2018, kilimtambua kuwa ni mtu mwenye mauzo yasiyozidi Shs. milioni 4 kwa mwaka, lakini hakikumfungulia mlango wowote wa msaada alipoanguka.

IV. MWAKA WA MGONGANO

Ikiwa mwaka 2020 kosa lilikuwa la kutotenda, mwaka 2021 lilikuwa la kutenda kwa mikono miwili inayopingana.

Mengine yalikuwa mema. Serikali ya Awamu ya Sita, iliyoanza Machi 2021, iliunda kamati ya wataalamu, ikarudisha utoaji wa takwimu na tarehe 28 Julai ikazindua chanjo. Jambo hili si la wauguzi peke yao. Tangu Mei 2020, pale hesabu ilipokoma ikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, mama lishe wa Mtaa wa Sikukuu alikuwa akiamua kwa kubahatisha kama aende kazini au akae. Kumnyima mtu maskini habari ni kumnyima chombo cha kazi. Tajiri ana daktari wake wa kumpigia simu.

Lakini utazame mwezi huo huo wa Julai 2021. Usiku wa tarehe 10, Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likaungua. Wafanyabiashara wake wakatawanywa katika masoko mengine, na ujenzi mpya ukachukua zaidi ya miaka mitatu. Siku tano baada ya moto, tarehe 15 Julai, ikaanza tozo ya miamala ya simu, iliyofika hadi Shs. 10,000/= kwa muamala mmoja mkubwa. Mwaka uliopita tulikuwa tumepandisha kikomo cha simu ili biashara ipumue. Sasa tukaitoza pumzi yenyewe. Mteja wa Songea anayeagiza mzigo Kariakoo hutuma fedha kwa simu, na bidhaa humfikia kwa basi. Kila alipotuma alikatwa. Mwezi Septemba tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena, jambo linaloonyesha kwamba kilio cha wananchi kilikuwa cha haki.

Tukafika Oktoba 2021. Tarehe 10 ya mwezi huo ilizinduliwa Dodoma Kampeni ya Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban Shs. trilioni 1.3. Fungu kubwa lilikwenda kwenye afya, elimu na maji. Vikajengwa vyumba 15,000 vya madarasa. Hatuna ugomvi na darasa. Mtoto wa mchuuzi ndiye atakayelikalia. Lakini mwezi huo huo, Dar es Salaam, wachuuzi walipewa tarehe 18, kisha ikasogezwa hadi tarehe 30, wawe wameondoka barabarani na barazani.

Fikirini maana yake. Wiki moja inasemwa kwamba nchi imekopa ili kuwakwamua watu kutokana na athari za gonjwa. Wiki tatu baadaye mtu aliyeathirika kuliko wote anaondolewa mahali alipokuwa akijikwamua mwenyewe. Nani alikaa akaziweka karatasi hizi mbili mezani pamoja?

V. HOJA ZA UPANDE WA PILI

Uchambuzi wa haki hauwezi kuzipuuza hoja za waliotaka uondoaji huo. Barabara za Kariakoo zilikuwa hazipitiki. Gari la zimamoto lisingefika, na moto ulikuwa umetuonya. Mwenye fremu alilipa pango, leseni na kodi, kisha akazibwa mlango na meza ya mtu asiyelipa hata kimoja. Waenda kwa miguu walisukumwa katikati ya magari. Hoja hizi ni za kweli, na kiongozi aliyezikataa kwa ajili ya kushangiliwa hakuwatumikia wachuuzi.

Tunalokataa ni hitimisho lake, kwamba mchuuzi anaweza kuhamishwa kama gunia, kutoka Kongo hadi popote penye nafasi, naye akaendelea kuwa mchuuzi. Hapa ndipo uchambuzi wa mali kauli unapotuokoa. Mtaji wa kwanza wa mchuuzi ni mahali. Mtaji wake wa pili ni neno lake, na neno hilo lina nguvu pale tu anapoonekana na anayemwamini. Mpeleke maili tatu kutoka duka la mali kauli, umemwondolea wateja na umemwondolea mkopeshaji kwa siku moja. Kisha tunamwambia aunde kikundi, aandike andiko la mradi, aombe mkopo wa halmashauri. Tumekivunja chombo kilichokuwa kikifanya kazi, tukampa fomu.

Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilikuwa limeshatufundisha somo hili kabla ya gonjwa. Lilijengwa kwa nia njema, na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilisimama vitupu, kwa sababu mnunuzi wa soksi hapandi ghorofani kutafuta soksi. Mchuuzi humfuata mnunuzi njiani. Aliyeushindwa ukweli huu si mchuuzi mkaidi, ni mpangaji wa mji asiyeuliza.

Wako pia wenzetu watakaosema kwamba kwa kuwatetea wachuuzi tunatetea tabaka la mabepari uchwara, na kwamba kazi ya ujenzi wa uchumi ni kuwatoa watu katika uchuuzi na kuwaingiza katika uzalishaji mali. Tunakubali kwamba taifa haliwezi kuishi kwa kuuziana soksi za China. Lakini mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvukazi, tulijaribu kuwaondoa mijini wale tuliowaona hawana kazi. Wengi walirudi, kwa kuwa kiwanda na shamba la kuwapokea havikuwa tayari. Mtu haondolewi katika kazi duni kwa kuivunja. Huondolewa kwa kuwekewa kazi bora karibu naye. Na wakati wa gonjwa si wakati wa jaribio hilo.

VI. KAZI ILIYO MBELE

Makosa yasipogeuzwa kuwa kazi hubaki kuwa masimulizi. Tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe katika mashina, matawi na mabaraza ya madiwani, kabla ya gonjwa jingine kutukuta.

Kwanza, katika dharura yoyote ya kitaifa, mchuuzi asihamishwe. Kama barabara lazima ifunguliwe, ipangwe mitaa na saa za kuuza ndani ya Kariakoo yenyewe, wachuuzi na wenye fremu wakiwa katika kikao kimoja.

Pili, iwepo kanuni ya pango la dharura: kwa muda maalum pango la fremu lidaiwe kwa mwezi, na kilemba kisitozwe. Benki ikipewa nafuu kwa fedha za umma, itakiwe kuonyesha kwamba mkopaji wake naye amewapa nafuu walio chini yake.

Tatu, mfuko wa asilimia kumi uwe na dirisha la dharura kwa mtu mmoja mmoja, bila kujali umri, kwa ushahidi wa viongozi wa soko na mtaa wanaomjua. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Wakati wa kuirekebisha ndio wakati wa kuikumbuka dharura. Sehemu ya mfuko ingeweza hata kuidhamini mali kauli, ili hasara isimwangukie mchuuzi pekee, kwa sharti kwamba duka linalodhaminiwa linatoa risiti.

Nne, tozo mpya isianzishwe juu ya mzunguko wa fedha za wanyonge wakati mzunguko huo unajaribu kuamka.

Mwezi Mei 2023, na tena Juni 2024, wenye maduka wa Kariakoo walifunga milango yao kwa sababu ya malalamiko ya kodi, na Serikali ikaja kuwasikiliza. Waziri Mkuu mwenyewe alikutana nao Mnazi Mmoja mwaka 2023. Ni vizuri alikuja. Lakini mwenye duka akifunga mlango, nchi nzima husikia. Mchuuzi hana mlango wa kufunga. Akinyamaza, hudhaniwa ametosheka. Akitoweka, husemwa kwamba mji umekuwa safi. Kumsikia yeye ni lazima mtu amwendee pale alipo, na hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa kazi yetu tangu Machi 2020.